Japuonj Amechoka: Mwongozo kwa Mwalimu Aliyelemewa na Kazi

Ukimsikia japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, wa huku Homa Bay akisema, "Malaria imenirudia," huenda ni kweli. Katika ukanda huu wa ziwa, mbu hawajui likizo. Lakini kuna malaria nyingine ninayoijua vizuri kwa sababu niliwahi kuugua. Huanza Jumapili jioni, hupungua Ijumaa kengele ya mwisho ikilia, na shule zikifungwa Agosti hupona bila dawa. Niligundua yangu siku niliposahihisha insha 32, nikafunga daftari la mwisho, na nisikumbuke hata moja ilihusu nini.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasani: wa Mfangano na Rusinga, wa Ndhiwa na Rangwe, na wa ng'ambo ya mpaka wa kaunti kule Awendo, Nyatike na Kuria. Kama wewe ni mwalimu mkuu, kisanduku chako kiko karibu na mwisho, ila ukikirukia hicho tu hutakielewa.

## Unapigana na nini hasa

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliupa uchovu sugu wa kazi maelezo yake katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa. Lilisema ni hali inayoletwa na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa vilivyo, tena likataja dalili tatu. Kwa lugha ya chumba cha walimu ziko hivi:

1. Umeishiwa nguvu. Unalala kwa saa nane na unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Wikendi haikurudishii kitu.
2. Roho imejitenga na kazi. Watoto wa darasa lako umeanza kuwaita "hawa watu." Mvua kubwa ikinyesha asubuhi, moyoni unaomba wasije.
3. Unaona hufai, au kazi yenyewe haina maana. Andalio la somo unanakili la mwaka jana, na ungenakili hata tarehe kama hakuna anayelikagua.

Dalili moja kwa siku chache ni uchovu wa kawaida, hasa muhula wa pili ukikaribia kwisha. Zote tatu kwa miezi ni jambo jingine.

Nasisitiza neno "kazini" kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi hupotea. Mwalimu huambiwa apumzike, aombe, anywe maji, ajikaze. Sina ugomvi na maombi wala maji. Lakini kama mzigo uliokuchosha unakusubiri palepale ulipouacha, likizo ni kama kukumba maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu.

KISANDUKU: Uchovu au huzuni kuu?
Uchovu wa kazi hulegea ukiwa mbali na kazi. Huzuni kuu, ambayo madaktari huiita sonona, hukufuata hata arusini na hata likizoni. Chakula hakina ladha na mambo uliyoyapenda hayakuvuti. Kama hali hiyo imedumu kwa wiki mbili, karibu kila siku, ruka hatua zote zilizo hapa chini na uende hospitali kwanza. Moja inaweza kuzaa nyingine, kwa hiyo usijipime peke yako ukaridhika.

## Kwa nini huku mzigo una uzito wake

Mizigo ya darasani ni ya Kenya nzima. Tangu 2018 serikali imetaka kila mtoto anayemaliza msingi aingie sekondari, na madarasa yakafurika. Tangu 2023 Sekondari Msingi iko ndani ya shule za msingi, na shule nyingi zilianza na mwalimu mmoja au wawili kwa masomo yote, pamoja na yale ambayo hawakuyasomea. Baadhi yao ni wanagenzi walioanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Juu ya hayo kuna tathmini ya utendakazi, TPAD, ya kila muhula.

Mzigo wa huku ni ule unaokungoja nje ya lango la shule. Samaki huja na kwenda, miwa hulipwa inapolipwa, bodaboda ina siku njema na siku mbaya. Kijijini mwalimu ni miongoni mwa wachache wanaojulikana kupata mshahara kila mwezi. Ndiyo maana jina lako huwa la kwanza katika kila orodha ya mchango, wewe ni katibu wa kamati ya mazishi, mweka hazina wa kanisa, na msoma wasifu wa marehemu kwa sababu "japuonj anajua kuongea." Ukistaafu bado utaitwa japuonj na orodha zitaendelea kuja.

Kisha wapo watoto. Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na UKIMWI, na madarasani wamo wanaolelewa na nyanya zao, au wanaolea wadogo zao. Ufuoni mvulana wa darasa la saba anaweza kupata pesa ya siku kwa kuvuta nyavu za omena. Nyatike kuna migodi ya dhahabu. Kuria kuna msimu wa ukeketaji ambao mwalimu huanza kuuogopa kabla wazazi hawajautaja. Haya hayamo katika ratiba ya vipindi, na TPAD haina safu yake. Bado yanakula nguvu kuliko hesabu za sehemu.

## Hatua ya 1: Pima damu kabla ya kupima maisha

Nenda kituo cha afya upimwe malaria, upungufu wa damu, shinikizo la damu na sukari. Yote hayo yanaweza kuchosha na yote yana tiba. Kosa la kawaida ni kununua dawa za malaria dukani kila baada ya wiki tatu bila kupimwa. Ukipimwa mara mbili na vijidudu havionekani, acha kununua, endelea na hatua ya pili.

Mwambie mhudumu ukweli wote: usingizi, hasira, pombe. Kwa sababu ya miaka mingi ya mapambano na UKIMWI, vituo vingi vya Homa Bay vina washauri nasaha ambao wamezoea kusikia mambo mazito kuliko lako. Ukiona haya kuonekana na mzazi wa mwanafunzi kwenye foleni, nenda kituo cha mji mwingine. Nauli hiyo haijapotea.

## Hatua ya 2: Daftari la wiki mbili

Huwezi kupunguza mzigo kama hujui umebeba nini. Chukua daftari la kurasa 32, la mwanafunzi, si simu. Simu ni sehemu ya tatizo. Kwa siku 14 andika kila jioni mistari minne:

- Saa nilizofanya kazi ya shule, shuleni na nyumbani.
- Kazi niliyofanya ambayo si yangu (ya mwenzangu, ya ofisi, ya kijiji).
- Pesa iliyotoka bila kupangwa, na kwa nani.
- Jambo moja lililonikaba koo leo.

Mstari wa nne ndio wenye siri. Baada ya wiki mbili usome huo peke yake, mfululizo. Mwalimu mmoja niliyemfahamu alidhani adui yake ni darasa la watoto 74. Daftari likamwonyesha kuwa mara tisa kati ya 14 aliandika jambo lilelile: simu za kundi la WhatsApp la walimu baada ya saa tatu usiku.

Halafu gawa mizigo yote mafungu manne: wa kukataa, wa kugawana, wa kuahirisha, na wa kubeba. Kama fungu la mwisho ndilo lenye karibu yote, rudia tena ukiwa na mtu asiyekuogopa.

## Hatua ya 3: Zungumza na mwalimu mkuu, ukiwa na karatasi

Wengi huzungumza wakiwa wamekasirika, kwenye korido, mbele ya wenzao, kisha hushangaa hawakusikilizwa. Fanya hivi:

1. Omba miadi. "Mwalimu, naomba dakika ishirini Jumatano baada ya vipindi."
2. Nenda na ukurasa mmoja: idadi ya vipindi vyako, wanafunzi, zamu, na kazi za ziada. Tarakimu tu, bila malalamiko.
3. Omba jambo moja au mawili. Ukiomba saba hutapata hata moja.
4. Pendekeza nani au nini kitaziba pengo.
5. Jioni hiyo andika barua fupi ya kukumbusha mliyokubaliana.

Barua hiyo inaweza kuwa hivi:

*"Kwa Mwalimu Mkuu. Asante kwa kunisikiliza leo. Tulikubaliana kuwa kuanzia wiki ijayo zamu ya usiku nitaifanya mara moja kwa wiki badala ya mara tatu, na kwamba idara ya michezo itapata msaidizi kufikia katikati ya muhula. Tutaangalia tena hali hii wiki ya nane."*

Weka nakala. Kama hakuna kilichobadilika, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa mwakilishi wa chama cha walimu, KNUT au KUPPET, shuleni, kisha tawini. Usianzie huko. Ukianzia huko, mwalimu mkuu atakuwa wa kwanza kujitetea na wa mwisho kusaidia.

KISANDUKU: Saa za shule
Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo katika shule ya kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha shughuli za nje ya darasa hadi saa kumi na moja kasorobo. Mwanafunzi hapaswi kulazimishwa kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Masomo ya likizoni yamepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Unajua na ninajua jinsi mambo yalivyo: kuna shule ambazo taa za darasa huwaka saa kumi na moja alfajiri, na wazazi wenyewe ndio wanaotaka. Usiingie ofisini ukiwa umeshika kanuni kama fimbo. Ingia nazo kichwani, ili ukiambiwa "kila mtu anafanya" ujue sheria iko upande gani.

## Hatua ya 4: Karatasi zisikulundikie

TPAD na rekodi za kazi huumiza zaidi zinapoachwa hadi wiki ya mwisho, mtandao ukiwa umelemewa na walimu wa nchi nzima. Tenga dakika 30 kila Ijumaa kabla ya kuondoka shuleni. Piga picha ushahidi siku ileile: somo la vitendo, mradi wa wanafunzi, darasa la usaidizi. Hili halihitaji hekima zaidi ya hapo.

Kusahihisha nako kuna njia. Darasa la watu 70 ukilisahihishia kila zoezi neno kwa neno utakufa na kalamu nyekundu mkononi. Sahihisha kwa kina kundi moja kila wiki, wengine wabadilishane madaftari huku wewe ukiongoza ubaoni.

## Hatua ya 5: Matanga na michango

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Jumamosi zetu huishia. Mwili hutoka mochari Alhamisi au Ijumaa, maziko ni Jumamosi, na Jumatatu uko darasani na sauti imekauka. Sisemi uache kuzika watu. Asiyezika hatazikwa, na huku hilo si msemo tu. Nasema panga.

- Weka fungu la mwezi. Amua mwanzo wa mwezi kiasi cha michango yote, kilingane na mshahara wako, si na cheo ulichopewa na kijiji. Likiisha, limeisha.
- Ahidi ulicho nacho. Ahadi ya 2,000 utakayokopa ni mzigo mara mbili. Toa 500 leo.
- Cheo kimoja tu. Ukiwa katibu wa matanga, usiwe mweka hazina wa kanisa. Mfundishe kijana aliyemaliza kidato cha nne kuandika orodha. Wapo wengi na wanataka kazi ya heshima.
- Nenda baadaye. Siku ya mazishi uwanja umejaa. Wiki ya pili mjane amekaa na watoto na hema limeng'olewa. Ukifika siku hiyo jioni na kilo mbili za sukari, hakuna atakayeuliza kwa nini hukuonekana Jumamosi.

Maneno ya kusema, ukiyakosa: "Poleni sana, jamaa zangu. Mchango wangu nautuma sasa hivi. Jumamosi sitafika, lakini mama nitakuja kumwona wiki ijayo." Usieleze sababu. Ukieleza, watakutatulia hiyo sababu.

## Hatua ya 6: Deni, mzigo usiotajwa

Walimu huzungumza kuhusu TPAD kwa sauti na kuhusu deni kwa kunong'ona. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inakataza makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ni kinga nzuri, ila ina mlango wa nyuma: anayefika ukomo kwenye hati ya mshahara hukimbilia mikopo ya simu, kisha mkopeshaji wa mjini anayeshikilia kadi ya benki. Tarehe ya mshahara, mwalimu hupanga foleni nyuma ya mtu anayejua namba yake ya siri.

1. Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi, riba, tarehe.
2. Mwonyeshe mtu mmoja, mkeo au mumeo kama inawezekana. Siri ndiyo inayokuamsha saa tisa usiku.
3. Nenda kwenye sacco yako uombe mkopo mmoja wa kufuta midogo yenye riba kali, au muda zaidi wa kulipa. Nenda kabla ya kushindwa kulipa. Baada ya hapo lugha hubadilika.
4. Kama kadi iko kwa mtu, ripoti benki kuwa kadi imepotea uletewe mpya na namba mpya ya siri. Deni halifutiki, mtalipana kwa awamu zilizoandikwa.
5. Usimdhamini mtu yeyote kwa mwaka mmoja. Mwenzako akishindwa, makato huhamia kwako.

Kamari ya simu nayo ni deni lililovaa nguo za matumaini. Ifute leo.

## Hatua ya 7: Kusikiliza mtoto bila kumbeba

Mtoto akikuambia hajala tangu jana, au mjomba wake anamfanyia mabaya, msikilize, mwamini, andika. Kisha mpeleke kwa anayepaswa kubeba: mwalimu wa ushauri nasaha, mwalimu mkuu, afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au namba 116 ya watoto isiyolipiwa. Unyanyasaji lazima uripotiwe, hata kama mhusika ni mfadhili wa shule. Kumlipia mtoto mmoja chakula cha mchana ni wema wako. Kujaribu kulipia kumi na wawili kutakuangusha pamoja nao. Peleka majina kwa bodi ya shule, kanisa na wazazi.

Jioni zungumza na mwalimu mwenzako dakika kumi kuhusu uliyosikia, bila kutaja jina. Walimu wawili wanaofanya hivi kila wiki wameanzisha jambo kubwa kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

## Makosa yanayofanywa kila muhula

- Kupotea. Kukaa nyumbani siku nne bila ruhusa ni utoro kazini, na tume ya walimu, TSC, huuadhibu. Ukihitaji ruhusa ya ugonjwa, pata barua ya daktari na umjulishe mwalimu mkuu mapema. Mwalimu wa BOM, aliyeajiriwa na bodi ya shule, naye ana haki: Sheria ya Ajira inampa, baada ya miezi miwili kazini, angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu katika mwaka.
- Kutafuta usingizi kwenye chupa. Pombe hukulaza na kukuamsha saa tisa usiku.
- Fimbo. Ukiona mkono umekuwa mwepesi, hiyo ni dalili yako, si utundu wao. Sheria imeikataza, na mwalimu mwema amewahi kupoteza kazi kwa dakika moja.
- Kuomba uhamisho kama dawa ya kwanza. Kwa aliyetenganishwa na familia, uhamisho ni tiba. Kwa mwenye deni, deni huhama naye.

KISANDUKU: Kwa mwalimu mkuu
Hesabu zamu kwa haki na uzibandike ukutani. Usitume ujumbe wa kazi usiku. Mkutano wa walimu usizidi saa moja. Mwalimu aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mcheshi akanyamaza, mwite faraghani umwulize "Unaendeleaje?" kisha unyamaze wewe. Nawe pia umechoka. Daftari la wiki mbili ni lako vilevile.

ONYO: Usisubiri muhula uishe
Tafuta msaada leo kama unawaza kufa, umeanza kugawa vitu vyako au kuaga watu, huli wala hulali kwa siku kadhaa, au unaogopa utamdhuru mtu. Piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu isiyolipiwa, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Au mwombe mtu akusindikize hadi hospitali ya rufaa ya kaunti, Homa Bay au Migori, na asikuache mlangoni. Usiogope kushtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kama ni mwenzako, muulize waziwazi, "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpi mtu wazo jipya.

## Wiki ya tano

Muhula ujao, wiki ya tano, fungua daftari tena kwa siku saba. Hakiki:

☐ Nimepimwa afya.
☐ Nimezungumza na mwalimu mkuu na nina nakala ya barua.
☐ Nimeacha angalau kazi moja isiyo yangu.
☐ Madeni yote yako kwenye ukurasa mmoja, na mtu mwingine ameuona.
☐ Nina jioni mbili kwa wiki bila shule.
☐ Kuna mtu ninayemwambia ukweli.

Kisha linganisha saa za wiki na zile za mwanzo. Zangu zilikuwa 71, zikashuka hadi 58. Nane kati ya zile 13 zilitoka kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi na kamati mbili nilizojiuzulu. Tano zilizobaki mpaka leo sijui zilitoka wapi, na sijazitafuta.